Kutoka kruza hadi pikipiki ya spoti: Yale ambayo mwili hulazimika kuyasahau

BARABARA kuu itokayo jijini Mwanza kwenda Musoma huyaacha majengo ya Igoma, hufika Kisesa penye njia ya kuingilia Bujora, kisha hunyooka kuelekea Magu na tambarare za Lamadi. Kwa mwendesha pikipiki, kipande hicho cha mwanzo cha kilomita zipatazo 20 kina karibu kila kitu: lami inayomshawishi kuongeza mwendo, daladala zinazosimama ghafla, wachungaji wanaovusha ng'ombe, waenda kwa miguu, na njia za vumbi zinazoingia barabarani kutoka pande zote mbili. Mwezi Juni, wakati wa ngoma za Bulabo katika kituo cha utamaduni wa Wasukuma pale Bujora, umati wa watu kandokando ya barabara hiyo huwa mkubwa zaidi.

Ni katika barabara ya namna hii ndipo tofauti baina ya jamii mbili za pikipiki kubwa hujidhihirisha. Ya kwanza ni kruza: pikipiki ndefu na nzito, yenye kiti cha chini, usukani mpana unaomfikia mwendeshaji alipo, na vikanyagio vilivyowekwa mbele hata miguu ikanyooka kama ya mtu aliyeketi barazani jioni. Ya pili ni pikipiki ya spoti, iliyo fupi na nyepesi, ambayo humlaza mwendeshaji juu ya tenki, mikono ikishika mipini mifupi iliyo chini, na miguu ikikunjwa nyuma. Wapo wamiliki wa kruza ambao, baada ya miaka kadhaa, hutamani kuhamia kwenye spoti, na wengi wao huamini kuwa huko ni kupanda ngazi moja tu zaidi. Imani hiyo ndiyo yenye hatari. Mazoea mengi yanayomlinda mtu juu ya kruza humgeuka akiwa juu ya spoti, na kadiri alivyokuwa mzoefu ndivyo mazoea hayo yalivyojikita mwilini.

Ifahamike kwamba Watanzania walio wengi hawaendeshi moja kati ya hizo. Pikipiki iliyotapakaa mijini na vijijini ni ya kazi, kama Boxer ya kampuni ya Bajaj au zile za TVS, zote za India, ambazo mwendeshaji hukaa wima na kubeba abiria au magunia. Huko ndiko wengi wa wenye pikipiki kubwa walikojifunzia. Baadhi ya pikipiki kubwa huja zikiwa zimetumika, na zile za Japani mara nyingi huwa na injini ya cc 400. Sababu ni sheria ya leseni ya Japani, ambako leseni ya daraja la kati huishia cc 400, hivyo viwanda vya huko vikatengeneza kwa wingi kruza za ukubwa huo kama Honda Steed na Yamaha DragStar, pamoja na spoti kama Honda CBR400RR. Kwa bahati njema, huo ni ukubwa unaomfaa mtu anayehama, kama itakavyoonekana mbele.

Asili ya tofauti

Kruza ni zao la Marekani. Kampuni ya Harley-Davidson, iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1903, ilijenga jina lake kwa injini za silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V, zenye nguvu nyingi ya kuvuta hata zikizunguka polepole. Barabara ndefu zilizonyooka zilitaka chombo cha kukaa juu yake saa nyingi, na kona zilikuwa chache.

Spoti ina nasaba nyingine. Mwaka 1969 Honda ya Japani ilitoa CB750, yenye silinda nne na breki ya diski mbele, na ulimwengu ukashuhudia pikipiki ya kununuliwa dukani ikiwa na kasi iliyokuwa ya viwanja vya mashindano. Mwaka 1985 Suzuki ikaja na GSX-R750, iliyojengwa waziwazi kwa mfano wa pikipiki za mashindano. Kilele kimojawapo kilikuwa Yamaha YZF-R1 ya mwaka 1998: cc 998, nguvu za farasi zipatazo 150, na uzito wa kilo 177 bila mafuta wala vimiminika vingine. Injini ya Harley-Davidson iitwayo Twin Cam 88, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, ilikuwa na cc 1,450, lakini nguvu zake hazikufika nusu ya zile za Yamaha hiyo, huku pikipiki zilizoibeba zikiwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa hiyo anayelinganisha pikipiki kwa cc peke yake amekwisha kupotea kabla hajaondoka dukani.

Kampuni ya Bajaj, ambayo jina lake limegeuka kuwa neno la Kiswahili la gari la magurudumu matatu, imetoa mfano ulio wazi kuliko vitabu vingi. Mwaka 2010 ilianza kuuza Avenger 220, kruza iliyopewa injini ya ukoo mmoja na ile ya Pulsar 220, pikipiki yake yenye sura ya spoti. Injini ni ya ujazo uleule, na ile ya Avenger ilipunguzwa makali kidogo tu, ikawa na nguvu za farasi zipatazo 19 dhidi ya 21. Lakini kati ya vitovu vya magurudumu mawili Pulsar ina sentimita 135, Avenger ina zaidi ya 147. Kiti cha Avenger kiko chini kwa sentimita kadhaa, usukani ni mrefu, na shokapu za mbele zimelala zaidi. Mtu akizipanda zote mbili asubuhi moja atadhani injini zimetoka nchi tofauti. Kinachotofautiana hasa ni umbo, na umbo ndilo linaloamua pikipiki itaitikiaje mkono wa mwenye kuiendesha.

Uzito huhamia viganjani

Juu ya kruza uzito wa mwili hubebwa na makalio na sehemu ya chini ya mgongo. Juu ya spoti uzito hugawanyika: sehemu huenda kwenye kiti, sehemu kwenye vikanyagio, na sehemu kwenye mikono. Mgeni wa spoti hujitegemeza kwa viganja, na baada ya nusu saa mikono hufa ganzi, shingo hukaza na mabega huuma. Kosa haliko kwenye pikipiki. Anayeijua hubana tenki kwa mapaja na magoti, akaushikilia mwili kwa misuli ya tumbo na mgongo, ili mikono ibaki milegevu. Ulegevu huo si wa starehe tu. Usukani unaobeba uzito wa mtu hauwezi kupokea maelekezo yake sawasawa. Kila tuta na kila shimo hugeuka kuwa amri ambayo mwendeshaji hakukusudia kuitoa.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Mkao wa spoti umepangwa kwa mwendo mkubwa, pale upepo unapokipiga kifua na kukiinua kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, katika msongamano wa katikati ya jiji la Mwanza, upepo huo haupo, na wakati huohuo joto la injini iliyofunikwa na maganda ya plastiki hupanda mapajani. Mtu ambaye safari zake za kila siku ni za mjini atapata mateso yote ya spoti bila kuonja faida yake hata moja.

Kukata kona

Pikipiki yoyote inayokwenda zaidi ya mwendo wa baiskeli hukata kona kwa njia inayoonekana kinyume na akili: anayetaka kwenda kulia huusukuma mbele mpini wa kulia, pikipiki ikalalia kulia na kufuata huko. Waendeshaji wengi hufanya hivyo bila kujua kwamba wanafanya. Juu ya kruza kutojua huko husameheka, kwa kuwa shokapu za mbele zimelala kwa nyuzi 30 au zaidi na pikipiki ni ndefu. Huchukua muda kuitikia, na hupenda kuendelea na njia iliyokuwamo. Spoti, ambayo shokapu zake husimama kwa nyuzi zipatazo 24, huitikia papo hapo. Nguvu ileile ya mkono iliyozoeleka kwenye kruza inaweza kuivusha pikipiki mstari wa katikati ya barabara kabla mwenyewe hajatambua.

Kwa upande mwingine, kruza ina mpaka unaopiga kelele. Ikilazwa sana, vikanyagio au ekzosi hugusa lami, cheche zikatoka, na mwendeshaji akapata onyo. Spoti hulala mbali zaidi kabla chuma hakijagusa chochote, na onyo la mwisho mara nyingi ni tairi lenyewe kuachia. Aliyezoea kusikiliza mkwaruzo kama kengele atasubiri kengele isiyokuwapo.

Mkono na mguu

Hapa ndipo penye kiini cha kuhama. Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya uchunguzi wao wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Walibaini kwamba mwendeshaji wa kawaida, alipokabiliwa na hatari, alikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi hadi gurudumu likaserereka, akaitumia kidogo mno breki ya mbele, na uwezo wa kuikwepa hatari kwa kuusukuma usukani karibu haukuwapo kabisa. Ripoti hiyo ni ya zamani, lakini mwili wa binadamu haujabadilika tangu hapo.

Kruza hulea tabia hiyo. Kwa sababu ni ndefu na uzito wake uko chini na nyuma, breki yake ya nyuma hufanya kazi kubwa, na mguu hujifunza kuitegemea. Katika spoti, mara breki inaposhikwa, karibu uzito wote huhamia gurudumu la mbele; la nyuma hubaki jepesi, na likikanyagiwa breki kwa nguvu huserereka kushoto na kulia. Breki ya mbele nayo ni kali kiasi kwamba vidole viwili vinatosha kuinua gurudumu la nyuma kutoka ardhini. Mwendeshaji anatakiwa kuikaza kwa awamu, kidogo kwanza ili uzito uhamie mbele na tairi ligandamane na lami, kisha zaidi. Akiibana ghafla kwa hofu, gurudumu la mbele hufunga na pikipiki huanguka ndani ya nusu sekunde.

Ufundi huo haupatikani kwa kusoma. Hupatikana uwanjani, kwa kurudia kusimama kutoka kilomita 30 kwa saa, kisha 50, kisha 70, mara kadhaa kwa siku tofauti, mpaka mkono wa kulia utangulie mguu bila kuamriwa. Mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni mita 28 kwa kila sekunde. Ng'ombe akitokea pale Kisesa, sekunde moja ambayo mwendeshaji aliitumia kukanyaga breki isiyofaa huwa imekwisha kumpitisha mita 28 karibu zaidi naye. Tena mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huzidi takriban mara nne.

Mfumo wa breki unaozuia magurudumu kufunga, ujulikanao kama ABS, hupunguza hatari hii kwa kiasi kikubwa. BMW ya Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuuweka kwenye pikipiki za kuuzwa, mwaka 1988 katika K100 yake, lakini pikipiki nyingi za spoti za miaka ya 1990 na 2000, ambazo ndizo bei yake hufikika, hazina. Anayenunua iliyotumika na auulizie kwanza mfumo huo, kabla ya rangi.

Mkono wa mafuta

Injini ya kruza hutoa nguvu zake mapema na kuchoka mapema. Mwendeshaji huzoea kufungua mafuta kwa ukarimu na kubadili gia upesi. Injini ya spoti ya silinda nne huwa tulivu mwanzoni hata mgeni akaidharau, kisha, mizunguko inapopanda kwa maelfu, nguvu humiminika kwa wakati mmoja. Pikipiki ya cc 1,000 ya aina hiyo huvuka kilomita 100 kwa saa ikiwa bado kwenye gia ya kwanza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Maana yake gia moja peke yake humpitisha mtu mara mbili ya kikomo hicho, na gia nyingine tano zingali zinasubiri.

Madhara yake yamepimwa. Taasisi ya Marekani ya bima inayoshughulikia usalama wa barabara kuu, katika uchambuzi iliouchapisha mwaka 2007, iligundua kuwa vifo vya waendeshaji wa spoti zenye nguvu kubwa kabisa, kwa kila pikipiki 10,000 zilizosajiliwa, vilikuwa takriban mara nne ya vile vya waendeshaji wa kruza na pikipiki za kawaida. Ni kweli kwamba umri na tabia ya wanunuzi vina sehemu yake katika tofauti hiyo. Lakini anayehama hawezi kujitetea kwa umri peke yake, kwa kuwa mkono wa mtu wa miaka 45 uliozoea kruza hufungua mafuta kwa mazoea, si kwa busara.

Sheria inavyonyamaza

Ulaya imeliona tatizo hili na kulitungia ngazi. Tangu mwaka 2013 nchi za Umoja wa Ulaya hutoa leseni ya pikipiki kwa hatua: kwanza cc 125, kisha pikipiki isiyozidi kilowati 35, ambazo ni nguvu za farasi zipatazo 47, na mwisho ya nguvu yoyote, baada ya miaka miwili ya uzoefu au kwa kufikia umri wa miaka 24. Nchini Tanzania pikipiki ndogo ya chini ya cc 125 huendeshwa kwa leseni ya daraja A1, na zaidi ya hapo ni daraja A. Daraja hilo moja linaikusanya Boxer ya cc 150, kruza ya cc 1,450 na spoti ya nguvu za farasi 150. Mwenye leseni ya kruza hatakiwi kujaribiwa upya. Ngazi hiyo, basi, lazima ajiwekee mwenyewe.

Ngazi ya busara ni kupitia pikipiki ya kati. Yamaha R15, iliyotoka India mwaka 2008 ikiwa na cc 150, ina mkao na tabia zote za spoti bila nguvu za kuua. Kwa aliyezoea kruza kubwa, Kawasaki Ninja 300 ya mwaka 2013, Yamaha R3 ya mwaka 2015 au zile za Japani za cc 400 zilizotajwa hapo juu zinatosha kabisa. Zinaadhibu makosa, ila kwa upole. Wanaoona haya kushuka cc wakumbuke kuwa katika barabara ya Mwanza hadi Magu hakuna mahali halali ambapo pikipiki hizo zitashindwa kufikia mwendo unaoruhusiwa.

Lami, vumbi na vipuri

Spoti imeumbwa kwa lami safi. Shokapu zake ngumu hupeleka kila shimo moja kwa moja kwenye viganja, ganda la chini hukwaruzwa na matuta, na mchanga unaoachwa na magari yatokayo njia za vumbi, ambao kruza huupita kwa kuyumba kidogo, hutosha kuiangusha spoti iliyolala kwenye kona. Njia za vijijini zenye mawe, ambazo Usukumani ni za kawaida, si mahali pake kabisa. Upepo wa ziwa nao una lake la kusema: katika daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa takriban kilomita 3 juu ya maji, maganda ya pembeni huukinga upepo wa mbele lakini huupokea ule wa ubavuni kama tanga.

Kisha yapo matumizi. Tairi laini la spoti linaloshika lami vizuri huisha mapema kuliko la kruza, na tairi la nyuma lenye upana wa milimita 180 halipatikani kirahisi kama la Boxer, ambalo liko karibu kila duka la vipuri. Kruza nyingi za Harley-Davidson hutumia mkanda; spoti hutumia cheni, na cheni katika vumbi hutaka kusafishwa na kupakwa mafuta mara kwa mara. Fundi wa pikipiki za kazi, hata awe hodari namna gani, si lazima awe amewahi kufungua injini ya silinda nne. Ni vyema kumtafuta fundi kabla ya kuitafuta pikipiki.

Kofia ngumu haihitaji mjadala: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na mtandao wa Cochrane yalionyesha kuwa huipunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa spoti iwe ile inayofunika uso wote, kwani mwendeshaji huanguka akitanguliza kidevu. Glavu, ambazo wenye kruza wengi huziona ni za mapambo, hapa ni za lazima.

Linabaki suala la abiria. Kruza humpokea mtu wa pili kwa heshima, akakaa chini, karibu na mwendeshaji, mara nyingine akiwa na kiegemeo. Kiti cha nyuma cha spoti ni kipande kidogo kilichoinuka juu ya tairi, vikanyagio vikiwa juu na mahali pa kushika pakiwa haba; kila breki inaposhikwa abiria humsukuma mwendeshaji mbele, na uzito ule wote huishia kwenye viganja vilivyokwisha kuchoka. Umbali wa kusimama huongezeka na gurudumu la mbele huwa jepesi wakati wa kuondoka. Aliyezoea kumchukua mwenzake Jumapili hadi Bujora na kurudi hatakiwi kumpakia kwenye spoti katika miezi ya mwanzo. Wengine huibakiza kruza yao kwa ajili ya safari hizo, na mwenye uwezo wa kutunza pikipiki mbili hana sababu ya kuiuza.